Lupasi ya mtoto inapogusa akili: maswali ya wazazi

Binti yangu ana lupasi. Sasa anasema anasikia watu wakimwita. Je, ugonjwa umefika kichwani?

Inawezekana. Mpeleke hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Katika lupasi, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, na ubongo hausalimiki. Mwaka 1999 wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani waliorodhesha matatizo 19 ya ubongo na neva yanayoletwa na lupasi. Zimo degedege na kiharusi. Zimo pia saikosisi (kusikia au kuona visivyokuwepo, au kuamini yasiyo kweli), sonona, wasiwasi uliopitiliza na kudhoofika kwa kumbukumbu. Hili la mwisho linaniuma, kwa sababu shuleni mtoto huambiwa mvivu na kuchapwa.

Kipimo cha damu hakiwezi kutuambia moja kwa moja?

Hakuna kimoja kinachotosha. ANA, kingamwili inayolenga viini vya seli, huwa nayo karibu kila mwenye lupasi, lakini hata baadhi ya watoto wasioumwa chochote wanayo. Anti-dsDNA, kingamwili dhidi ya DNA, ikipanda huku C3 na C4, protini za kinga zilizomo kwenye damu, zikishuka, daktari hujua ugonjwa umechachamaa, hasa kwenye figo. Kuhusu akili bado hajaambiwa kitu.

Iliyoleta matumaini ni kingamwili dhidi ya protini P za ribosomu, vile viwanda vidogo vya protini ndani ya seli. Mwaka 1987 watafiti waliripoti kuikuta kwa wagonjwa wengi wenye saikosisi ya lupasi. Tafiti zilizofuata hazikuafikiana: wapo wenye saikosisi wasio nayo, na wapo walio nayo wenye akili timamu. Kwa hiyo jibu la maabara likiwa safi, asikwambie mtu kwamba mtoto anajifanya.

Kingamwili dhidi ya fosfolipidi, mafuta yaliyomo kwenye kuta za seli, ni habari nyingine. Hizo huigandisha damu, zikaleta kiharusi, na kwa watoto wengine viungo kuchezacheza bila kutaka.

Je, si vidonge vya prednisoloni vinavyomfanya hivi?

Vinaweza, hasa dozi ikiwa kubwa au imepandishwa karibuni: kukosa usingizi, hasira, furaha isiyo na sababu, hata kuona visivyoonekana. Lakini usivikatishe mwenyewe! Mwili uliozoea steroidi kama prednisoloni huacha kutengeneza homoni yake, na kukatisha ghafla kunaweza kuua. Andika tarehe dozi ilipobadilishwa na siku dalili zilipoanza, umwonyeshe daktari. Karatasi hiyo husaidia kuliko unavyodhani.

Daktari ataanzia wapi?

Kwenye maambukizi, maana dawa za lupasi hushusha kinga. Atapima malaria, huenda achukue maji ya uti wa mgongo, aangalie presha, figo, sukari na chumvi za damu. Picha ya MRI inaweza kutoka safi hata ubongo ukiwa umeathirika. Ikithibitika ni lupasi, mara nyingi steroidi huongezwa badala ya kupunguzwa, pamoja na dawa nyingine za kutuliza kinga.

Ndugu wanasema ana mapepo.

Ombeni, lakini mkiwa mmeshafika hospitali na vidonge vinaendelea. Kisha kaa naye peke yake umuulize anaona nini, anasikia nini. Wengi huficha kwa hofu ya kuitwa vichaa. Muulize pia kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika moja, dawa zote zifungiwe, na mwende hospitali usiku huohuo.