Kumbukumbu ya picha ni nini? Mfano wa sikukuu ya Kitao ya Cheung Chau

Siku hizi kila picha inaitwa kumbukumbu, hata zile tatu nne za simu alizopiga mtu akisubiri boti. Wanaoshughulika na turathi za utamaduni wanalitumia neno hili kwa maana finyu zaidi. Kwao, kumbukumbu ya picha ni picha na video zilizopigwa kwa mpango na kuandikiwa maelezo, ili mtu ambaye hakuwepo aelewe jambo lilifanyika vipi na, ikibidi, aweze kulifanya tena. Hayo maneno ya mwisho ndiyo uzito wenyewe. Picha nzuri inakufanya utamani kwenda, lakini kumbukumbu inakufundisha kazi.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu turathi zisizoshikika, yaani mila, ibada na ujuzi, unataja uwekaji kumbukumbu miongoni mwa hatua za kuhifadhi, pamoja na utafiti na kurithisha. Tuiangalie hatua hiyo mahali ambapo ugumu wake unaonekana wazi.

Cheung Chau ni kisiwa kidogo cha wavuvi huko Hong Kong. Kila mwaka, mwezi wa nne wa kalenda ya Kichina, wenyeji hufanya jiao, ibada ya Kitao (dini ya kale ya China) ya kutakasa mji, kushukuru miungu na kulisha mizimu isiyo na ndugu wa kuikumbuka. Ibada hufanyika karibu na hekalu la mungu Pak Tai, lililojengwa mwaka 1783, na wazee husimulia kwamba chanzo chake ni tauni iliyokipiga kisiwa enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Nyama na samaki huachwa kwa siku hizo, jambo ambalo kwa kisiwa cha wavuvi si dogo. Minara mitatu ya mianzi huvikwa maelfu ya mikate myeupe iliyopikwa kwa mvuke, na kila mkate umegongwa muhuri mwekundu wa maneno mawili, ping on, yaani amani. Mwaka 2011 sikukuu hii iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya China ya turathi zisizoshikika.

Sasa tazama vitu vyenyewe. Jukwaa la maigizo ni la mianzi, na likishatumika hufunguliwa. Mikate huliwa. Tai Sz Wong, mfalme wa mizimu, ni sanamu kubwa ya karatasi na fito iliyotengenezwa kwa mikono, na usiku wa mwisho huchomwa moto. Karibu kila kitu hapa kimetengenezwa ili kiondoke, na kisipoondoka ibada haijakamilika. Huwezi kuihifadhi sikukuu ya namna hii kwa kuiweka kwenye kabati la kioo. Kinachopaswa kubaki ni ujuzi: namna ya kupinda fito ili zishike mabega ya sanamu, nani anaanza kutembea, ngoma inapigwa wakati gani. Kwa hiyo mpiga picha anayekuja kwa ajili ya moto tu amechelewa. Alitakiwa awe karakanani tangu fundi anapasua mianzi.

Nichukue jambo moja la karibu. Kabla ya ibada, sanamu ile ni karatasi iliyopakwa rangi, basi. Kisha kuhani wa Kitao huchukua brashi yenye rangi nyekundu na kuigusa machoni, na sehemu nyingine za mwili, huku akisoma maneno yake. Baada ya hapo hakuna tena anayeiona kama karatasi. Picha moja ya brashi jichoni inatosha kwa gazeti. Kwa kumbukumbu haitoshi hata kidogo, maana inatakiwa kuonyesha alianza kugusa wapi, akafuatia wapi, alisimama upande gani, na nani alimshikia kibakuli cha rangi. Sauti nayo irekodiwe bila kukatwa, kwa kuwa mpangilio wa maneno ni sehemu ya tendo.

Maandamano ya watoto katika sikukuu hii yanafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Watoto huvalishwa kama miungu, mashujaa wa kale au hata wanasiasa wa leo, kisha hupitishwa mitaani wakionekana kuelea juu ya vichwa vya watu, pengine mguu mmoja umekanyaga ncha ya upanga. Picha iliyozunguka dunia ni ya mtoto anayeelea. Ndani ya nguo kuna fremu ya chuma iliyopindwa kwa vipimo vya mwili wake, kiti kidogo na mikanda ya kumfunga. Mtu akibaki na picha za nje peke yake, baada ya vizazi viwili atakuwa na uzuri asiojua kuutengeneza. Kwangu mimi picha ya chuma kitupu kikiwa chini, na rula imelazwa pembeni kuonyesha urefu, ina thamani kuliko mia za mtoto anayetabasamu juu. Najua si wengi watakaoitundika ukutani.

Kisiwa hiki kinajua hasara ya kukatika kwa jambo. Zamani vijana walipanda minara kwa wingi kugombania mikate, kwani aliyepata mingi aliaminika kupata baraka. Mwaka 1978 mnara ulianguka, watu wakaumia, na kupanda kukapigwa marufuku hadi 2005. Miaka 27 hiyo inatosha mtoto kuwa mzazi bila kuona kitu. Mashindano yaliporudi yalirudi kwa sura nyingine: mnara mmoja wenye fremu ya chuma, washindani wachache waliochujwa na kufungwa kamba za usalama. Sisemi ni vibaya, uhai wa watu ni jambo la kwanza. Nasema aliyezaliwa baada ya 1978 anaweza kuuona upandaji wa zamani kwenye picha na filamu tu, au kuusikia kwa waliopanda.

Picha bila maelezo nayo hupoteza nguvu haraka. Jina la tendo kwa Kikantoni kama wenyeji wanavyolitaja, tarehe za kalenda zote mbili, ya Kichina na ya kawaida, mahali, na kazi ya kila anayeonekana: hayo yaandikwe siku ileile, kabla usingizi haujachanganya mambo. Faili za asili zitunzwe bila kuguswa, nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja.

Halafu kuna ridhaa. Sikukuu ni ya wanaoiabudu kabla ya kuwa ya mwenye kamera. Katika sikukuu nyingine ya Kitao, ile ya Miungu Wafalme Tisa inayofanywa Malaysia, Singapore na Thailand, chetezo kitakatifu husafirishwa ndani ya machela iliyofunikwa pazia, kisionekane na watu. Anayeweka kumbukumbu kwa uaminifu hupiga picha ya pazia, huandika kwamba hapa kuna kitu kisichoonyeshwa, na kuendelea na safari. Pazia lenyewe ni taarifa sahihi kuhusu ibada ile. Na kazi ikiisha, nakala zirudi kwa wenyeji, katika umbo wanaloweza kulifungua, kwa sababu wao ndio watakaozihitaji kazini.

Watakaozihitaji zaidi pengine ni watu wa Sheung Shui, kaskazini mwa Hong Kong. Jiao yao hufanywa mara moja kila miaka 60, na ya mwisho ilikuwa 2006. Ijayo ni 2066. Mtoto aliyebebwa begani mwaka 2006 akiwa na miaka sita atakuwa na 66, na huenda ndiye atakayeulizwa jukwaa lilielekea wapi. Katika jiao za vijiji vile hubandikwa karatasi kubwa yenye majina ya wanakijiji wote wanaoombewa, nao husogea karibu, kidole hewani, kila mmoja akitafuta lake na la wanawe, maana jina lililosahauliwa ni mtu asiyeombewa. Karatasi ile haikai miaka 60. Ipigwe picha kipande kwa kipande, kwa ukaribu wa kutosha kila jina lisomeke.