Je, wajua? Alteneta ya ampea 70 haisukumi ampea 70 kwenye gari ya kitambo

Hili swali utalisikia popote mwenye gari ya zamani anapokaa na fundi wa waya, iwe Nakuru town ama Kondele kule Kisumu: gari yangu ilitoka kiwandani na dainamo (mashine ya zamani inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) ya ampea 22, sasa nimepata alteneta, ile ya kisasa inayofanya kazi hiyohiyo, ya eks-Japan imeandikwa ampea 70, nikiifunga si itachoma betri, redio na taa zote? Jibu fupi ni hapana, taa na redio hazitachomwa na hiyo namba 70. Lakini kuna kitu kwenye hiyo gari kinaweza kuungua kweli, na kwa kawaida hakuna mtu anakiangalia, kwa sababu kila mtu ameshughulika kuogopa kitu kingine.

Historia nitaipitia haraka. Magari mengi ya Kiingereza tuliyorithi hapa, Land Rover Series za mwanzo, Morris Minor, Ford Anglia, yalikuja na dainamo, na Lucas C40 ya ampea 22 ndiyo ilikuwa ya kawaida sana. Marekani, Chrysler walianza kuweka alteneta kama kifaa cha kawaida kwenye Valiant ya 1960, baada ya dayodi za silikoni, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, kuwa ndogo na za bei inayoweza kulipika. Baadaye kila mtu akafuata.

Kwa nini dainamo iliachwa? Umeme wake wote, ampea zote 22, unapita kwenye kaboni zinazosugua shaba inayozunguka, kwa hivyo huwezi kuizungusha kasi sana bila kuiharibu, na injini ikiwa chini haitoi kitu cha maana. Kwenye alteneta mambo yamegeuzwa: koili zinazotoa umeme mwingi zimekaa tuli, kinachozunguka ni sumaku ya umeme peke yake, na kaboni zinabeba ampea 3 ama 4 tu za kuipa hiyo sumaku nguvu. Ndiyo maana inaweza kuzungushwa kasi mara mbili au tatu ya injini, na inachaji hata ukiwa umesimama kwa foleni.

Ukitaka kuona tofauti, toka Nakuru jioni uelekee Kisumu na gari ya dainamo. Ukifika Salgaa unajipata nyuma ya trela, gia ya pili, injini iko chini, na kabla ya Mau Summit mvua na ukungu vimeshakupata. Taa mbili za wati 55 ni 110, za nyuma na za dashibodi tuseme 25, waipa kama 50, feni ya kupuliza kioo kama 50, ignisheni kama 40. Hiyo ni karibu wati 275, na dainamo ya ampea 22 ikiwa kasi kamili inatoa kama wati 300, lakini kwenye huo mlima haiko kasi kamili. Kinachobaki kinatolewa na betri, na ndiyo unaona taa zinageuka manjano kila ukiachilia mafuta.

Sasa turudi kwa lile wazo kwamba alteneta inasukuma ampea zake zote kwenye gari. Lina nguvu kwa sababu linasikika kama lina akili: mashine kubwa inatoa umeme mwingi, umeme mwingi unaunguza. Lakini ile namba kwenye alteneta inakuambia uwezo wake wa mwisho, haikuambii kile inatoa saa hii.

Fikiria tangi la maji juu ya stendi nyuma ya nyumba, vile ploti nyingi Nakuru ziko nalo. Ukitoa tangi la lita 500 uweke la lita 5,000 kwenye stendi ileile, bomba la jikoni halitatoa maji kwa nguvu zaidi. Presha inatokana na urefu wa stendi, na maji yanayotoka yanategemea wewe umefungua bomba kiasi gani. Kwenye gari, urefu wa stendi ndiyo volti, na ukubwa wa tangi ndiyo hizo ampea zilizoandikwa. Taa ya wati 55 inafungua bomba la ampea 4 hivi na haiwezi kufungua zaidi kwa sababu ule waya mwembamba ndani ya glopu ndio unaoamua, uwe na alteneta ya 35 ama ya 135. Ukifungua mabomba mengi kwa tangi dogo, maji yanashuka na presha inapotea, na hiyo ndiyo manjano ya pale Salgaa. Tangi kubwa linachofanya ni kuhakikisha kila bomba likifunguliwa presha bado iko palepale.

Anayelinda urefu wa stendi ni rigyuleta. Inapima volti muda wote, ikiona zimepita kama 14.2 inapunguza umeme unaoenda kwenye ile sumaku inayozunguka, zikishuka inaongeza, na inafanya hivyo haraka kiasi kwamba wewe huoni kitu. Kwa hivyo alteneta ya ampea 70 kwenye gari ambayo imewasha redio peke yake inatoa ampea za ignisheni, za redio na kidogo za betri, halafu basi.

Ila hii imani haikuzuka hewani. Kuna watu wameona kwa macho yao gari ikifungwa alteneta na glopu zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Mara nyingi hapo ni rigyuleta mbovu, volti zimepanda hadi 16 au 17, betri inachemka na taa zinaungua, na hata alteneta ndogo ikiwa na rigyuleta mbovu itafanya vivyo hivyo. Tena kuna glopu za zamani zilizozoea kuishi kwenye volti 12 dhaifu, ukizipa 14 za kweli zinang'aa vizuri sana lakini zingine hazidumu. Na Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, hizo ni mambo tofauti kabisa, usizifunge kitu cha volti 12 kabla hujabadilisha kila kinachotumia umeme.

Haya, kile kinachoweza kuungua: ni ule waya wa kuchaji wa zamani. Kwenye magari mengi yenye amita, ile saa ya kupima ampea, umeme wote wa kuchaji unatoka kwa dainamo, unaingia ndani hadi kwenye amita ya dashibodi, unarudi tena mbele hadi kwa betri. Chukua waya wa shaba wa milimita 3 za mraba, mita 4 kwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 20 unapata joto la kama wati 9 lililosambaa kwa mita nne, hakuna shida. Ukipitisha ampea 60, yaani mara tatu, joto haliendi mara tatu, linaenda mara tisa, kwa sababu linapanda na mraba wa ampea. Hapo ni kama wati 84 ndani ya waya uliofungwa na tepu ya miaka hamsini, umelaliana na wenzake nyuma ya dashibodi, na kwa joto la mchana la Kisumu. Na juu ya hayo volti karibu 1.4 zinapotelea njiani hata kabla ya kufika kwa betri. Hapa ndipo ule mfano wa tangi unafika mwisho, bomba jembamba la maji halishiki moto.

Sasa jiulize, hizo ampea 60 zinatoka lini kama taa hazivuti? Zinavutwa na betri. Betri iliyoisha usiku, ukajampiwa asubuhi, ukaingia barabarani, hiyo betri ina njaa na inaweza kumeza karibu kila kitu alteneta inatoa kwa dakika kadhaa za kwanza. Kwa hivyo siku ya hatari kwa waya wa zamani ni ile asubuhi baada ya kujampa, jua limewaka, taa zote zimezimwa na dereva hana wasiwasi wowote. Betri ikiwa imekufa kabisa, ichajiwe kwanza na chaja pembeni, itasaidia waya na itasaidia alteneta yenyewe.

Dawa yake ni rahisi na mimi naona ndiyo inafaa ifanywe kabla hata ya kutafuta alteneta. Waya mpya mnene, kama milimita 16 za mraba, kutoka kwenye boliti kubwa ya alteneta moja kwa moja hadi kwa betri au pale kwa stata ambapo waya wa betri unafika. Kwa mita 2 na ampea 60, huo waya unapoteza kama volti 0.13 tu na joto la wati 8. Weka fyuzi kubwa karibu na betri, iwe juu kidogo ya uwezo wa alteneta na ndani ya uwezo wa waya. Watu huiweka upande wa alteneta, lakini waya ukichubuka ukagusa bodi, atakayemwaga mamia ya ampea ni betri, alteneta ina kikomo chake. Amita ya zamani iache ipumzike, ukiibakisha kwenye njia ileile itaanza kusoma uongo kwa sababu umeme mwingi umepata njia nyingine. Volti mita itakuambia mengi zaidi.

Kitu kinachonifurahisha zaidi kwenye huu mfumo wote ni ile taa ndogo nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Wengi wanajua ni ya onyo, kumbe kwenye alteneta nyingi ndiyo inayoiamsha. Alteneta ikiwa imelala, sumaku yake ina nguvu kidogo sana, haitoshi kusukuma umeme kupita dayodi. Ukiwasha swichi, umeme mdogo, kama ampea 0.2, unapita kwenye hiyo glopu ya wati 2 hivi na kuingia kwenye sumaku, injini ikizunguka umeme unaanza kutoka, na volti zikilingana pande zote mbili za glopu hakuna tena cha kupita, taa inazima yenyewe. Glopu ikiungua, au ukiweka LED inayopitisha umeme kidogo mno, unaweza kukuta alteneta mpya haichaji mpaka ukanyage mafuta sana, na utairudisha kwa muuzaji bure. Alteneta za waya mmoja, zisizoungwa na hiyo taa, zinajiamsha zenyewe, lakini nyingi zinahitaji injini ipande kwanza.

Kabla ya kufunga chochote hakikisha pia betri imeungwa upande gani kwa bodi. Magari mengi ya Kiingereza hadi katikati ya miaka ya 60 yaliunganishwa chanya kwa bodi, na alteneta ya kawaida ukiifunga hivyo dayodi zinakufa papo hapo. Na lile jaribio la kutoa tamino ya betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari itazima, tafadhali mkatalie fundi. Betri ndiyo inameza mshtuko wa umeme, ukiitoa ghafla volti zinaweza kuruka makumi juu kabla sumaku haijapoa, na rigyuleta, dayodi au redio ikaondoka nayo.

Mkanda nao una mipaka. Ampea 60 kwa volti 14 ni wati 840, na kwa kuwa sehemu kubwa inapotea kama joto ndani ya alteneta, injini inatoa karibu nguvu za farasi 2 kupitia mkanda uleule unaozungusha pampu ya maji. Mkanda mmoja mwembamba wa zamani unaanza kuteleza, na ukiteleza pale Mau Summit utakosa chaji na injini itachemka pia. Kwa gari nyingi za aina hii ningechagua alteneta ya 55 hadi 70, na ningeuliza inatoa ngapi injini ikiwa chini kuliko kuuliza inatoa ngapi mwisho.

Ukishafunga, washa taa zote, waipa na feni, injini iwe juu kidogo, chukua multimita, weka ncha moja kwenye boliti ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Isome chini ya volti 0.3. Halafu fanya hivyo kati ya ganda la alteneta na hasi ya betri, hapa hata 0.2 ni nyingi. Ikizidi, angalia ule mkanda wa waya unaounga injini na chasi, kwa sababu injini imekaa juu ya raba na bila huo mkanda umeme hauna njia nzuri ya kurudi, na kwa Land Rover yenye bodi ya alumini usitegemee bodi ikusaidie.