Daftari linasema 1,400, mizani inasema umeongezeka

Mbukwenyi wasomaji.

Mwezi wa tatu alikuja ofisini kwangu mama mmoja, mtumishi wa serikali, Mgogo aliyerudi nyumbani Dodoma na wizara yake baada ya kukaa Dar es Salaam miaka mingi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.) Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na hapo hapo akachomoa daftari kwenye mkoba na kuliweka mezani kama mtu anayewasilisha ushahidi mahakamani.

"Soma mwenyewe, dokta. Mimi nimeshachoka."

Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, na hilo huwa nasema kila siku bila mafanikio. Nikasoma. Wiki tatu nzima, kila mlo umeandikwa na hesabu yake pembeni, hakuna siku iliyozidi kalori 1,400. Ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu: tulianza kilo 78.2, leo kilo 80.0.

Watu wengi wakifika hapo huamua moja kati ya mawili: ama kalori ni uongo wa Wazungu, ama mwili wangu mimi una laana yake. Mama huyu alikuwa na la tatu, alilolisikia kwa mwenzake kazini, kwamba amekula kidogo mno hadi mwili umegoma na kuanza kujiwekea akiba. Hilo nalisikia kila wiki. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwalisha vijana 36 karibu nusu ya chakula walichozoea kwa wiki 24. Miili yao kweli ilipunguza matumizi: mapigo ya moyo yalishuka, wakawa wanahisi baridi, wakawa wazito kutembea. Lakini walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mwili wenye njaa unabana matumizi, ila hautengenezi mafuta kutokana na chakula ambacho hakikuliwa.

Kwa hiyo nikamwambia mama: hapa tuna kesi mbili, tusizichanganye. Ya kwanza, kwa nini hukupungua. Ya pili, kwa nini umeongezeka. Kila moja ina mshtakiwa wake.

Tukaanza na ya kwanza. Nikamwomba kesho yake aje na kijiko anachopimia mafuta ya alizeti. Daftarini kilikuwa kimeandikwa "mafuta kijiko 1 – 120", na hesabu hiyo ni sahihi kwa kijiko cha chakula: gramu 14 hivi za mafuta, kila gramu kalori 9. Alichokuja nacho kilikuwa kijiko cha kupakulia wali. Nikakiweka juu ya mizani ya jikoni, nikarudisha namba kwenye sifuri, nikamwomba amimine kama anavyomimina nyumbani. Akamimina hadi mafuta yakawa yamevimba juu ya ukingo. Gramu 31. Hiyo ni kalori 280 kwa ile iliyoandikwa 120.

Akacheka, kisha akanyamaza.

Ugali ulikuwa na kisa kirefu zaidi, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Alikuwa akitumia programu ya simu. Ukiandika "ugali" humo unapata majibu chungu nzima, kila moja na namba yake, na zote zinaweza kuwa kweli, maana ugali ni unga na maji, na maji hayana kalori. Ugali laini wa mgonjwa na ugali mgumu wa mtama unaoshika mkononi havilingani hata kidogo kwa gramu 100. Mama alichagua namba ndogo kuliko zote. Nani asingeichagua?

Dawa yake ni kupima unga kabla haujaingia sufuriani. Unga mkavu wa mahindi, mtama au uwele una kalori kama 360 kwa gramu 100, tofauti si kubwa. Chukua nusu kilo ya unga: ni kama kalori 1,800. Songa unavyosonga. Ukiiva, pima ugali wote (sufuria uijue uzito wake mapema). Kwa mama huyu ulitoka gramu 1,400, kwa hiyo kila gramu 100 ilikuwa na kalori 129 hivi. Sahani yake ilibeba gramu 420, yaani kalori 540. Daftarini: 300.

Mlenda aliuandikia 30. Mlenda mtupu sawa, sina ugomvi. Lakini nani Dodoma anakula mlenda mtupu? Karanga zilizosagwa ziliingia kwa kiganja, na gramu 30 tu za karanga ni kalori 170. Hazikuandikwa popote, kwa sababu kwake karanga si chakula, ni kiungo.

Jumlisha: 160 za mafuta, 240 za ugali, 170 za karanga. Tayari 1,400 imekuwa karibu 2,000, na bado sijagusa sukari ya chai ya saa nne. Kwa umri wake, kimo chake na kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa, 2,000 ndiyo karibu kile mwili wake unachotumia kwa siku. Alikuwa anakula kiasi cha kubaki palepale.

Sikumwona mwongo, na nisingependa mtu yeyote amwone hivyo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wa watu kumi waliodai wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa kwa njia isiyotegemea maneno yao, ilionekana wanakula karibu mara mbili ya walivyoripoti, na walikuza mazoezi yao kwa karibu nusu. Mashine yao ya mwili ilikuwa inafanya kazi kama ya watu wengine. Jicho tu ndilo mizani mbovu.

Sasa kesi ya pili, maana kubaki palepale si kuongezeka kilo 1.8.

Ili mtu anenepe kilo moja ya mafuta mwilini anahitaji ziada ya kalori 7,700 hivi. Kilo 1.8 ni karibu 14,000; kwa siku 21 ni kama 660 za ziada kila siku, juu ya zile 2,000. Hata kwa kile kijiko cha wali hatufiki huko. Basi hizo kilo zilitoka wapi?

Nikauliza ile 78.2 ilipimwa lini. Ikajulikana kwamba kabla ya kuanza kuhesabu alijinyima ugali, wali, chapati na viazi kwa siku sita, "kusafisha mwili", akapima mwisho wa siku hizo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima kama gramu 400 au 500, na kila gramu hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba hiyo inaisha na maji yake yanatoka chooni. Ukirudia ugali, akiba inajaa na maji yanarudi. Hapo tu kilo moja na nusu inakwenda na kurudi bila mafuta kuguswa. Alianza kuhesabu akiwa chini ya uzito wake wa kweli.

Halafu ile 80.0 ilipimwa Jumatatu. Jumapili alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara: mbuzi choma, chumvi pembeni ya sahani, kachumbari, chumvi tena. Dripu ya maji ya chumvi hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita. Ukila gramu 9 zaidi ya kawaida yako, mwili unaweza kushikilia maji kama lita moja mpaka figo zitoe, siku mbili tatu. Na wiki hiyo hiyo alikuwa ameanza kukimbia asubuhi Uwanja wa Jamhuri; misuli inayouma kwa mazoezi mapya nayo huvuta maji.

Kwa wanawake ambao bado wanaona siku zao, siku chache kabla yake zinaweza kuleta kilo moja au mbili za maji. Linganisha tarehe ya mzunguko na tarehe ya mzunguko, si wiki na wiki.

Dawa pia niliuliza, na wewe jiulize: prednisolone, insulini, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hata dolutegravir, dawa ya VVU. Zinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa kwa sababu ya mizani, ongea na aliyekuandikia. Na kama uzito unapanda kwa kasi ndani ya siku chache huku miguu imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo, au unakosa pumzi ukilala chali, funga ukurasa huu uende hospitali leo. Moyo, figo au ini huanza hivyo.

Mama sikumpa orodha mpya ya vyakula. Nilimpa kijiko cha chakula, nikamwambia mizani aitoe kwenye zulia aiweke kwenye saruji, apime kila asubuhi akitoka chooni kabla ya chai, na aniletee wastani wa wiki, si namba ya siku. Ugali na mlenda wa karanga viliendelea, vikiwa vimepimwa.

Wiki ya tano wastani ulikuwa 77.6. Kile kijiko cha wali hajakifuata, kipo kwenye droo yangu, na kila mteja mpya namwomba amimine mafuta kwanza ndipo tuzungumze.