Mzio si mwiko: kwa wanafunzi wenye aleji ya chakula na wanaowapikia Mombasa

Vyuo vikifunguliwa, ofisi zetu za afya ya umma hapa Mombasa huanza kupokea lalamiko la aina moja: nilikula nje, nikavimba. Wengine huja na picha kwenye simu, midomo imefura, shingo imejaa mabaka. Wengi ni vijana waliotoka bara, ambao hawakuwahi kula kamba wala korosho hadi walipofika Pwani. Wengine wana mzio tangu utotoni, ila nyumbani mama ndiye aliyekuwa akiwalinda. Sasa wanaishi hosteli, wanapika kwa zamu na jioni wanakula kibandani. Wamezidi kuja, ndiyo maana naandika.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu linatuponza. Kwa wazee wetu, mzio ulikuwa chakula ambacho mtu amekatazwa, na mganga au na ukoo wake, kwamba akikila kitamdhuru. Leo wahudumu wa afya wanalitumia kwa kile ambacho vijana wanaita aleji, lakini maana ya zamani haijatoka vichwani. Mpishi akisikia una mzio wa mayai, hufikiri ni mwiko uliojiwekea, au ni deko tu, kama mtu asiyependa bamia. Basi atakuondolea yai lililo juu ya wali akupe wali ule ule. Au atakwambia, "Nimetia kidogo tu, hakitakudhuru." Hiyo "kidogo tu" ndiyo sentensi ninayoisikia katika karibu kila lalamiko, na naomba sote tuiache. Kwa mwenye mzio, kinga ya mwili huiona protini ya chakula fulani kama adui na kuishambulia. Chembe iliyobaki kwenye kijiko yaweza kutosha. Dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita tangu kula.

Vyakula vinavyoleta shida zaidi vinajulikana: njugu, korosho na jamii yake, mayai, maziwa, samaki, kamba na kaa, ngano, soya. Ufuta pia umo, na watu husahau kwamba ndio uliopakwa juu ya mikate ya mofa.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenye mzio wa mayai, alikuja kwetu asubuhi moja macho yangali yamevimba. Jioni iliyotangulia alinunua viazi karai karibu na hosteli yao. Alikuwa ameuliza vizuri kabisa: "Mama, viazi hivi vina mayai?" Akajibiwa, "Hapana mwanangu, ni unga, maji, chumvi na bizari." Nilikwenda mwenyewe jioni ya siku hiyo aliyokuja kwetu, nikasimama nyuma ya meza saa kumi na mbili unusu, foleni ikiwa imefika barabarani. Yule mama hakudanganya. Unga wake hauna yai hata moja. Lakini kando ya bakuli la unga kuna bakuli la mayai ya kuchovyea katlesi, na mkono unaochovya ni mmoja. Katlesi moja, kisha viazi viwili, kisha katlesi tena. Juu ya unga wa viazi niliona nyuzi za njano za yai zikielea. Karai ni moja, na povu la yai lilikuwa likizunguka juu ya mafuta huku viazi vinaiva katikati yake. Kijiko cha matundu kilichoopoa katlesi ndicho kilichoopoa viazi.

Kwa hiyo kuuliza "kuna mayai?" hakutoshi. Ulizeni mafuta yamekaanga nini kabla ya chakula changu. Ulizeni kijiko na bakuli. Na mfike mapema. Saa moja usiku, foleni ikiwa ndefu, hakuna mpishi atakayesimama kukueleza. Yule mama tulimwomba jambo moja lisilo na gharama yoyote: akaange viazi kwanza katika mafuta mapya, katlesi zifuate mwisho, na bakuli la mayai lihamie upande wa pili wa meza. Alikubali palepale.

Sasa niyaseme mambo ambayo watu wameyashika vibaya.

La kwanza, moto hauondoi mzio. Nimeambiwa mara nyingi, "Lakini zimekaangwa mpaka zikakauka." Protini ya njugu na ya kamba huvumilia moto. Njugu za kukaanga zinadhuru kama mbichi, pengine zaidi.

La pili, nazi si njugu wala si korosho. Kuna wanafunzi wenye mzio wa korosho wanaokimbia wali wa nazi, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka, wakabaki kula mkate mkavu muhula mzima katika mji ambao nusu ya vyungu vyake vina tui. Wengi wenye mzio wa korosho hula nazi bila shida. Wapo wachache wanaodhurika na nazi yenyewe, kwa hiyo mwulize daktari wako, lakini usijinyime chakula kwa kubahatisha.

La tatu ni samaki. Jodari na samaki wa jamii yake wakikaa bila barafu, vijidudu hutengeneza kemikali inayoitwa histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi. Mlaji huwiva uso, kichwa humgonga, mwili humwasha, akasema ana mzio wa samaki. Huenda hana. Kama watu kadhaa waliokula samaki yule yule wameugua pamoja, shuku samaki. Hilo ni kosa la uhifadhi na ni letu kulifuatilia, kwa hiyo tafadhali tuambieni. Hospitalini nendeni vilevile.

La nne linanikera, nikiri wazi. Mwanafunzi ananiambia, "Lakini yule mpishi ana cheti cha afya, kimebandikwa ukutani." Ndiyo, anacho, na anatakiwa kukifanya upya kila baada ya miezi 6. Cheti kile kinaeleza kwamba mpishi amepimwa magonjwa ya kuambukiza yanayopita kwenye chakula, kama homa ya matumbo. Hakisemi lolote kuhusu njugu zilizo ndani ya mchuzi wako. Leseni ya usafi wa chakula nayo inahusu jengo, maji, choo na uhifadhi. Sisi ndio tunaotoa karatasi hizo, tunajua zinabeba nini. Msizitwike mzigo usio wao.

Chakula cha pakiti ni jambo jingine. Kiwango cha lebo kinachotumika Kenya na nchi za Afrika Mashariki, KS EAS 38, kinataka viambato vyenye kuleta mzio vitajwe: nafaka zenye gluteni (protini ya ngano na jamii yake), kamba na kaa, mayai, samaki, njugu, soya, maziwa, korosho na jamii yake, pamoja na salfaiti (kemikali za kuhifadhi chakula) zikifika miligramu 10 kwa kilo. Someni orodha yote, kila mnaponunua, hata kama ni biskuti mliyoizoea, kwa sababu mtengenezaji anaweza kubadilisha viambato. Alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, mnaweza kuihakiki kwa kutuma namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Lakini alama hiyo haimaanishi pakiti haina njugu. Inamaanisha bidhaa imetimiza kiwango chake, na siagi ya njugu nayo ina kiwango chake. Kibandani hakuna lebo. Lebo ni mdomo wa mpishi, na ndiyo sababu mpishi asiyejua aseme "sijui". Hatutamchukulia hatua mtu yeyote kwa kusema hajui.

Hosteli ndiko kunakosahauliwa. Wanafunzi wanne, meko moja, sufuria tatu, sifongo moja. Mwenzako asubuhi amepaka mkate siagi ya njugu, kisu akakifuta kwa kitambaa, kisha ukakitumia wewe kukatia nyanya. Nunua sufuria yako, mwiko wako na sifongo yako, uvitie alama ya rangi. Kinu na mchi wa mbao vilivyotwangiwa njugu usiviazime, kwa kuwa mbao hunywa mafuta na haisafishiki kabisa. Zamu ya kupika ikiwa ni yako, pika chakula chako kwanza. Waambie wenzako wa chumbani dalili zako na mahali dawa ilipo, usione haya. Wao ndio watakaokuwa nawe saa sita usiku.

Pwani yetu ni ya ukarimu, na hapo pana mtihani mwingine. Mwezi wa Ramadhani jirani ataleta sahani ya futari, kaimati na kashata, na kashata ya nazi na ya njugu zimelala sahani moja. Harusini biriani hurushiwa korosho. Kijana anaona ni utovu wa adabu kukataa mkono wa mama wa watu. Sema hivi, kwa heshima: "Mama, Mungu akubariki, ila mimi njugu zinanifunga pumzi mpaka nilazwe. Nipe maji na dua." Sijaona mama wa Mombasa aliyekasirishwa na maneno hayo. Ukisema tu "mimi sili njugu", atakubembeleza uonje.

Kwa migahawa mikubwa, andika kadi ndogo umwombe mhudumu aipeleke jikoni. Yatosha: "Nina mzio wa kamba na kaa. Hata chembe yaweza kunizuia kupumua. Tafadhali pika chakula changu kwa sufuria, mafuta na kijiko kisafi. Kama haiwezekani, niambie, nitaagiza kingine." Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko zote. Inampa mpishi nafasi ya kusema ukweli bila kuhofia kupoteza mteja.

Dalili zikianza. Vipele na mwasho peke yake vinaweza kutulizwa kwa vidonge alivyokuandikia daktari. Lakini sauti ikikwaruza, koo likibana, kifua kikipiga filimbi, ukitapika mfululizo au ukihisi kizunguzungu, vidonge vya mwasho havitoshi. Dawa ni adrenalini, sindano ya pajani, upande wa nje. Sindano za kalamu za adrenalini si kitu cha kukuta kila duka la dawa, kwa hiyo kwa wengi maana yake ni kituo cha afya kilicho karibu, mara moja. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama anahema kwa shida, akae ameegemea. Asitembezwe hadi kwenye tuktuk, abebwe. Mwenye pumu yuko hatarini zaidi. Na akipata nafuu asikimbilie kurudi hosteli, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Akae chini ya uangalizi mpaka daktari amruhusu.

Msiogope kwamba hamna pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa kituo kinachoweza kutoa matibabu hayo kikakataa.

Kuhusu malalamiko, naeleza utaratibu kwa kirefu kwa sababu kesi nyingi hufia hapa. Lalamiko hupelekwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo ambako chakula kiliuzwa, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Si pale unapoishi. Afisa huandika maelezo yako, kisha huenda kukagua bila kutangaza. Akikuta kasoro ya usafi hutoa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Muda ukipita bila marekebisho, faili huenda mahakamani. Ikidaiwa kwamba mteja aliuliza, akajibiwa uongo, akauziwa kisichokuwa alichokitaka, tunaangalia Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inayokataza kuuza chakula kwa udanganyifu au kisicho na asili aliyoitaka mnunuzi. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na mahakama ndiyo huamua. Sampuli hufungwa na kutiwa lakiri, kisha hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, ambaye ana maabara hapa hapa Mombasa.

Lakini sampuli lazima iwepo. Mwanafunzi anayekuja siku ya tatu, chakula kimetupwa na karai limeshasuguliwa kwa jivu, hatuna cha kupima. Akishapata matibabu, rafiki yake alete mabaki siku hiyo hiyo, hata kama ni viazi viwili, yakiwa kwenye chombo safi kilichofunikwa na kuwekwa kwenye baridi. Gazeti lililofungiwa chakula msilitupe. Ujumbe wa M-Pesa msiufute, unaonyesha saa na nani alilipwa. Na mje na swali mliloliuliza na jibu mlilopewa, neno kwa neno, kama yule mwanafunzi wa viazi karai alivyokuja nayo.