Rangi haikuambii ni farasi-bahari gani

Mtu akinunua farasi-bahari wa njano huambiwa ni wa spishi ya kuda, na mweusi huitwa erectus, spishi nyingine. Rangi si kitambulisho. Samaki hawa huibadili kufuata mazingira, hofu, hata uchumba. Wa njano wako aweza kuwa wa kahawia baada ya siku chache. Tazama umbo la taji kichwani, urefu wa pua, miiba, na uhesabu pingili za mkia. Hippocampus erectus na Hippocampus reidi, wote wa Atlantiki ya magharibi, huwachanganya hata wauzaji. Kumtambua dume si shida: ana mfuko chini ya tumbo, maana ndiye abebaye mimba.

Kwangu swali zito kuliko jina ni kama amezaliwa tangini au amevuliwa. Aliyevuliwa mara nyingi hukataa chakula kisicho hai. Tena farasi-bahari yeyote hana mfuko wa kuhifadhia chakula tumboni, kwa hiyo mpe uduvi uliogandishwa na kuyeyushwa, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Maji yabaki kwenye nyuzi 22 hadi 24. Joto likizidi bakteria hushamiri. Mwekee kitu cha kuzungushia mkia. Usimchanganye na samaki wenye mbio, watamaliza chakula yeye angali anakitazama.