Je, wajua kwa nini mtu ananunua shamba kijijini, analipa hela yote, halafu kwenye baraza la ardhi anaambiwa hajanunua kitu?

Hii inawakuta watu wengi sana hapa Tanzania, hasa wa mjini wanaotafuta eka mbili tatu huko Mkuranga, Handeni au Kilosa. Mtu ana karatasi ya mauziano, ina sahihi ya muuzaji na mashahidi, ina muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, kafyeka pori kapanda mikorosho, miaka inapita anatokea mtu anadai eneo ni lake, wanafikishana kwenye baraza la ardhi na ile karatasi inaonekana haina nguvu.

Sababu ni kwamba shamba la kijijini haliuzwi kama kiwanja kilichopimwa mjini. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini wake, na imegawanywa mafungu matatu, ardhi ya jumla, ya hifadhi na ya vijiji. Hii ya vijiji ina sheria yake, namba 5 ya mwaka 1999, na anayeisimamia ni Halmashauri ya Kijiji. Yule mzee anakuuzia haki yake ya kimila ya kulitumia lile eneo, na haki hiyo haihamii kwako mpaka halmashauri ikae na kuridhia. Na halmashauri ni watu 15 mpaka 25, sio mwenyekiti peke yake wala mtendaji peke yake! Muhuri uliogongwa kibarazani kwa mtu jioni sio kikao. Mahakama zetu, mpaka ya Rufani, zimeshaamua hivyo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya advansi, omba ombi lako lipelekwe kwenye kikao, na kikishakaa chukua nakala ya muhtasari wenye jina lako, ukubwa wa eneo, majirani wa pande zote nne na mahudhurio ya wajumbe. Hiyo karatasi ndo itakusimamia siku ya shida, na ndo mwanzo wa kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Mtu akikwambia "hayo ya vikao tutamaliza baadaye", mi naona bora uachane naye hata kama bei ni tamu.

Ukiwa hapohapo ofisini uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Vijiji vingi vimeshatenga sehemu ya kilimo, makazi, msitu na malisho, na mara nyingi lile eneo la bei ya chini ajabu liko kwenye malisho au njia ya kupitisha ng'ombe kwenda kunywa maji. Kama kuna mto pembeni usishangilie haraka, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, sasa piga hesabu shamba lako linabaki kiasi gani.

Halafu vipimo. Vijijini eka moja inahesabiwa hatua 70 kwa 70, na hesabu yenyewe ni sahihi kabisa kama hatua ni ndefu, karibu sentimita 91, inakuja kama mita 64 kila upande. Ila akipima mtu wa hatua fupi, tuseme sentimita 75, upande unakuwa mita 52 na nusu, na eneo zima ni kama mita za mraba 2,750 wakati eka kamili ni zaidi kidogo ya 4,000. Yaani unalipia eka kumi unapewa saba hazifiki, na hakuna aliyekudanganya kwa makusudi. Nenda na kamba ya mita au GPS ya simu, tembea mpaka mzima na majirani wenyewe wakiwepo, kila mmoja aonyeshe mnyaa wake au jiwe lake.

Ukiweza lione shamba masika. Ule udongo mweusi unaopasukapasuka kiangazi unavutia kweli, lakini mvua zikishika pikipiki haipiti na mahindi yanasimama kwenye maji.

Na watu wa familia waulize wote, mke wa muuzaji asaini, watoto wakubwa wawepo, maana shamba la urithi mara nyingi anayeuza ni mmoja kati ya sita. Uliza makaburi yako wapi na njia ya kuyafikia itakuwa ipi. Kwa ukanda wa pwani ongeza swali la miti, kwa sababu kule shamba linaweza kuwa la huyu na minazi ya shangazi yake, na shangazi ana haki ya kuja kuangua nazi zake kila msimu, sasa kama minazi nayo mmeuziana ihesabiwe mmoja mmoja iandikwe kwenye mkataba na shangazi mwenyewe aweke dole gumba.