Nyufa kwenye mwamba wa mafuta: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

“Mwamba umejaa nyufa, basi mafuta yamo kwenye nyufa.”

Hapana. Chukua mwamba uliokatwa na nyufa pande zote tatu, moja kila mita 1, kila ufa ukiwa na upana wa milimita 0.1. Nafasi ya nyufa zote hizo ni asilimia 0.03 tu ya ujazo wa mwamba. Mafuta yamo kwenye vitundu vya mabonge ya mwamba yaliyo katikati ya nyufa. Nyufa ni njia ya kuyafikisha kisimani. Ndiyo sababu modeli (mfano wa kihesabu wa mwamba) ya watafiti Warren na Root ya mwaka 1963 ina mifumo miwili, nyufa zinazopitisha na mabonge yanayotunza. Kisima kikianza kwa kasi kubwa, usikimbilie kukadiria akiba: mafuta ya kwenye nyufa yakishapungua, kasi hufuata mabonge yanavyoachia.

“Kosa dogo la upana wa ufa halidhuru.”

Linadhuru mno. Mtiririko hufuata kipeo cha tatu cha upana: ukiandika 0.2 badala ya 0.1, ufa wa kwenye modeli utapitisha mara 8. Tena, kipande cha mwamba kilichopandishwa juu kimeondolewa uzito wa miamba iliyokikandamiza, kwa hiyo ufa wake umepanuka. Usiuchukue upana huo ulivyo. Urekebishe mpaka ukubaliane na upenyezaji (wepesi wa mwamba kupitisha mafuta) uliopatikana kwa jaribio la presha kisimani.

“Kigezo cha umbo ni namba ya kunakili.”

Hapana. Kigezo hiki, namba ya modeli inayotokana na ukubwa na umbo la bonge, ndicho kinachoamua bonge litaachia mafuta kwa kasi gani. Kwa mchemraba wenye upande L, kanuni ya mtafiti Kazemi hutoa 12/L², ya Warren na Root 60/L². Bonge lilelile, tofauti mara 5! Uliza kwanza kanuni gani ilitumika, na kama ni kwa mita au kwa futi za mraba, maana hapo pia kuna tofauti ya karibu mara 11.

“Maji yatapita kwenye nyufa na kuyaacha mafuta.”

Hutokea pale mwamba unapopenda mafuta kuliko maji. Lakini Ekofisk, eneo la mafuta upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, ni mwamba wa chaki wenye nyufa, na tangu uingizaji mkubwa wa maji ulipoanza mwaka 1987, chaki imekuwa ikiyanyonya maji kutoka kwenye ufa na kuyasukuma mafuta nje. Ukiweka sifuri kwenye nguvu ya unyonyaji ya mabonge ya mwamba kama huu, modeli itayaleta maji kisimani mapema kuliko hali halisi.